Kiondo, sanamu na mbwa wa kazi: Ujuzi wa Ukambani unaposhuka uwanjani

KATIKA sherehe na maonyesho ya mashambani huko Ukambani, umati mkubwa haukusanyiki kila mara mbele ya jukwaa la wageni wa heshima. Aghalabu watu huuzunguka mkeka ambapo mama wa makamo anasokota uzi wa katani juu ya paja, au husimama chini ya mti ambapo mchongaji analichonga gogo kwa tezo. Wengine hukimbilia uwanja uliozungushiwa kamba, ambako mbwa wa polisi ananusa mizigo iliyopangwa kwa safu.

Kwa mtazamaji, mambo hayo matatu ni burudani ya siku moja. Kwa wenyewe wanaoyafanya, ni kazi yenye gharama, soko na hatari zake. Swali linalowakabili wakazi wa kaunti za Makueni na Kitui ni kama kazi hizo zitaendelea kuwalisha, au zitabaki maigizo yanayoletwa uwanjani mara moja kwa mwaka na kusahauliwa.

Mji mdogo wa Kikima, katika milima ya Mbooni kaunti ya Makueni, ni mahali pafaapo kuanzia. Milima hiyo ni miongoni mwa makao ya kale kabisa ya Wakamba. Masimulizi ya wazee husema kwamba kutoka huko ndiko koo nyingi zilikotawanyika kwenda Kitui, kuvuka mto Athi, na kwingineko. Hata jina Mbooni huelezwa kuwa linatokana na nyati waliokuwa wakipatikana huko zamani za wawindaji.

Nyati hao hawapo tena milimani. Mahali pao pana mashamba ya matuta, migomba na miembe. Badiliko hilo ndilo ufunguo wa kuelewa ujuzi unaoonyeshwa leo, kwa maana hakuna hata mmoja uliobaki kama ulivyokuwa.

Kiondo na mmea wa kigeni

Kiondo, ambacho kwa Kikamba huitwa kyondo, husukwa na wanawake wa Kikamba na pia wa Kikuyu. Watu wengi huamini kwamba katani ndiyo malighafi yake ya tangu jadi. Ukweli ni kwamba mkonge ni mgeni katika Afrika Mashariki. Uliletwa Tanga mwaka 1893 na mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, kisha ukaenea hadi Kenya katika miaka ya ukoloni.

Kabla ya hapo, wasukaji walitumia nyuzi zilizotolewa katika maganda ya mbuyu na ya vichaka vya porini. Mkonge ulipopandwa kuwa ua wa mashamba na boma, wanawake waliona kwamba nyuzi zake ni ndefu, imara na zinapatikana karibu na nyumba. Wakazitwaa, na ufundi ukaendelea bila kubadilika jina.

Kazi yenyewe ni ndefu kuliko inavyoonekana mkekani. Jani la mkonge hukatwa, likaparuliwa kwa kisu au kibao hadi nyama yake yote ya kijani itoke. Nyuzi huoshwa, zikaanikwa juani na kutiwa rangi. Zamani rangi ilitokana na magamba ya miti, mizizi na udongo. Siku hizi wengi hununua rangi ya dukani.

Baada ya hapo hufuata kusokota. Msukaji huweka nyuzi chache juu ya paja na kuzisukuma kwa kiganja mpaka zishikamane kuwa uzi mmoja. Uzi huo ndio unaoamua ubora wa kiondo: ukiwa mnene hapa na mwembamba pale, kikapu hupinda. Kusuka huanzia kitakoni, ambapo nyuzi hutandazwa kama miali ya jua, kisha nyuzi nyingine hupitishwa kwa mzunguko na kupanda juu kidogo kidogo.

Kwa kuwa kazi hiyo haihitaji meza wala mashine, mwanamke huifanya akiwa njiani kwenda sokoni, akichunga mbuzi au akiwa mkutanoni. Hilo ni faida, lakini pia ni chanzo cha dhuluma. Saa zinazotumiwa hazihesabiwi na mtu, na mchuuzi anapofika kununua, hulipa bei ya kikapu bila kufikiria siku zilizopotelea ndani yake.

Katika miaka ya 1980 kiondo kilipata wateja wengi Ulaya, Marekani na Japani. Mafanikio hayo yalizaa washindani. Vikapu vya kuiga, vilivyotengenezwa viwandani huko Asia kwa nyuzi za sintetiki, viliingia sokoni kwa bei ambayo mkono wa binadamu hauwezi kushindana nayo. Vikundi vingi vya akina mama viliona mapato yao yakishuka.

Nafuu kiasi ilipatikana nyumbani. Tarehe 28 Agosti 2017, Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, na wanunuzi wa mijini wakaanza kutafuta vikapu vya kudumu. Kiondo kilirudi mikononi mwa watu ambao walikuwa wamekiona kuwa kitu cha bibi zao au cha watalii.

Uchongaji ulivyofika Wamunyu

Ukitoka milima ya Mbooni kuelekea kaskazini-mashariki, unafika Wamunyu, katika kaunti jirani ya Machakos. Hapo ndipo kitovu cha uchongaji wa sanamu za Kikamba, ambao matawi yake yameenea hadi Nairobi, Mombasa na Malindi.

Wakamba walijua kuchonga tangu kale: vigoda vya miguu mitatu vilivyopambwa kwa nyaya, miko, vibuyu vya ugoro na mipini ya silaha. Hata hivyo, sanamu za kuuzwa zina historia fupi zaidi. Hiyo huhusishwa na Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyepelekwa Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia (1914-1918). Huko alijifunza kwa wachongaji wa Kizaramo wa eneo la Dar es Salaam. Aliporudi kwao, alianza kuchonga sanamu za kuuza, na majirani wakamfuata.

Kwa hiyo, kile ambacho mgeni hukinunua kama kumbukumbu ya jadi ya Kikamba ni matunda ya kukutana kwa makabila mawili katikati ya vita vya wageni. Jambo hilo haliupunguzii ufundi huo heshima. Linaonyesha tu kwamba mafundi wa Ukambani walijua kuchukua cha jirani na kukifanya chao.

Wakati wa maonyesho, mchongaji huanza na shoka kulipa gogo umbo la jumla. Kisha huingia tezo, chombo kifupi chenye makali yaliyopinda kumwelekea fundi. Hufuata kisu kwa masikio, macho na vidole vya miguu, halafu msasa, na mwisho nta au rangi ya viatu ili kung'arisha. Kosa moja la tezo huweza kumlazimu fundi kumgeuza twiga kuwa swala, kwa kuwa mti uliokwisha kukatwa haurudi.

Mti wenyewe ndio uliogeuka kuwa tatizo. Mpingo, muhugu na mzeituni wa mwituni, iliyopendwa kwa ugumu na rangi yake, hukua polepole mno kwa miongo mingi. Kadiri makumi ya maelfu ya watu walivyoingia katika biashara hiyo, miti hiyo ilitoweka karibu na vijiji, na magogo yakaanza kutafutwa mbali, mengine kwa njia zisizo halali.

Kuanzia miaka ya 1990, mashirika ya uhifadhi yalishirikiana na vyama vya ushirika vya wachongaji kuhimiza miti ikuayo haraka: mwarobaini, mwembe, jakaranda na mgrevilea. Mwarobaini, ambao nao asili yake ni Bara Hindi, ulikubaliwa hasa Pwani. Fundi aliyezoea mpingo ililazimu ajifunze upya namna ya kuukausha mti usipasuke. Mkulima naye alipata sababu ya kupanda mti ambao baadaye angeweza kuuza kwa wachongaji.

Mbwa aliyepoteza kazi na kupata nyingine

Mbwa, ambaye kwa Kikamba ni ngiti, ana hadithi inayofanana na hizo mbili. Wakamba walisifika kwa upinde na mshale wa sumu, na mbwa alikuwa mwenzi wa mwindaji porini. Mwaka 1948 Hifadhi ya Taifa ya Tsavo ilipoanzishwa mpakani mwa nchi yao, sehemu kubwa ya maeneo ya kuwindia ilifungwa. Mwaka 1977 Serikali ya Kenya ikapiga marufuku uwindaji kote nchini.

Tangu hapo mbwa wa kijijini amebaki na kazi ya ulinzi. Hubweka usiku mwizi anapokaribia boma, huwafukuza nyani shambani, na hufuatana na vijana wanaochunga mbuzi. Hana ukoo unaojulikana wala mwalimu. Amejifunza kwa kumwiga mbwa mkubwa na kwa fimbo ya mwenyewe.

Mbwa anayeonyeshwa uwanjani ni wa aina nyingine. Maonyesho ya kilimo nchini Kenya husimamiwa na Chama cha Kilimo cha Kenya, ambacho chimbuko lake ni mwaka 1901, na mbwa wa polisi ni sehemu ya burudani inayopendwa katika maonyesho makubwa ya chama hicho. Watoto hushangilia mbwa anaporuka kiunzi au kumshika mkono mtu aliyejifanya mhalifu huku amevaa vazi nene.

Lakini kazi yenye uzito ni ile ya pua. Mbwa wa kunusa hufundishwa kuhusisha harufu fulani, kwa mfano ya pembe za ndovu, baruti au dawa za kulevya, na zawadi anayoipenda kama mpira. Akiipata harufu hiyo mzigoni, huketi au husimama kimya bila kuparua. Mwongozaji wake humlipa papo hapo kwa mchezo, ndiyo maana mbwa huiona kazi hiyo kuwa furaha.

Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) hutumia mbwa wa namna hiyo viwanjani mwa ndege na bandarini. Katika eneo la Amboseli na milima ya Chyulu, ambayo upande wake mmoja unatazama Makueni, shirika la Big Life hutumia mbwa wa kufuata nyayo za majangili. Mnyama ambaye zamani alimsaidia mwindaji kumpata mnyamapori, leo anawasaidia askari kumpata mwindaji.

Chanjo ni muhimu kuliko michezo

Tofauti kati ya mbwa wa uwanjani na wa kijijini si akili tu. Wa kwanza ana chakula cha kila siku, mwongozaji mmoja na daktari wa mifugo. Wa pili hula mabaki, na wengi hawajapata kuchanjwa.

Hapo ndipo pana suala la uhai. Kichaa cha mbwa kiligunduliwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa karibu na Nairobi, na hadi leo kinaua. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Makueni ni miongoni mwa kaunti zilizoteuliwa kuanza utekelezaji wa mkakati wa taifa wa 2014 hadi 2030 wa kukomesha vifo vya binadamu vinavyotokana na ugonjwa huo.

Wataalamu husema kwamba angalau asilimia 70 ya mbwa katika eneo wakichanjwa, maambukizi hukatika. Kwa sababu hiyo, sherehe inayowakusanya watu kutazama mbwa ni fursa ya kuwaeleza wenyeji kwamba mbwa wao pia ni wa kazi na anastahili sindano. Aidha, aliyeumwa anapaswa kuosha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha kwenda hospitalini bila kungoja dalili.

Faida ya kuonyesha

Mkonge ulichukua nafasi ya mbuyu, mwarobaini ukachukua nafasi ya mpingo, na ulinzi ukachukua nafasi ya uwindaji. Kwa hiyo mabadiliko peke yake hayajawahi kuua ujuzi wa Ukambani. Kinachouua ni mnunuzi asiyejua kazi iliyofanyika, na kijana anayeona kwamba malipo hayalingani na jasho.

Sheria imejaribu kuziba sehemu ya pengo hilo. Mwaka 2016 Kenya ilipitisha sheria ya kulinda maarifa ya jadi na kazi za utamaduni, inayozipa serikali za kaunti wajibu wa kuweka rejista ya maarifa ya jamii zao. Rejista hiyo hulinda haki ya jamii nzima dhidi ya wanaoiga kwa biashara, lakini haiwezi kumpangia mchuuzi bei anapofika mlangoni kwa msukaji.

Bei hiyo hupatikana pale mnunuzi anapoona kazi kwa macho yake. Aliyesimama kwa nusu saa kando ya mkeka na kuona kwamba kiondo kimepanda kwa upana wa kidole tu, haulizi tena kwa nini kinauzwa ghali kuliko mfuko wa kiwandani. Ndiyo sababu waandaaji wa sherehe za vijijini wangefanya vyema kumpa msukaji na mchongaji nafasi ya kufanya kazi mbele ya watu siku nzima, badala ya kuwapa meza ya kupanga bidhaa zilizokwisha.

Mgeni naye ana maswali matatu ya kuuliza kabla ya kufungua pochi: nani amekitengeneza, kwa uzi au mti gani, na kwa siku ngapi. Muuzaji aliyesuka au kuchonga mwenyewe hujibu yote bila kusita.