Je, Wajua? Mlandege na Timu Kongwe za Uingereza

Je, wajua kwamba Arsenal ilianza kama timu ya mafundi wa kiwanda cha serikali? Mwaka 1886 wafanyakazi wa kiwanda cha silaha cha Woolwich, kusini mashariki ya London, walichangishana pesa wakanunua mpira, wakajiita Dial Square kwa jina la karakana mojawapo ya kiwanda kile. Tarehe 11 Disemba mwaka huohuo walicheza mechi yao ya kwanza wakaipiga Eastern Wanderers mabao 6-0. Hata ule wekundu wa jezi ni wa kupewa. Baadhi yao walikuwa wamewahi kuchezea Nottingham Forest, wakaiomba msaada klabu yao ya zamani, nayo ikawapelekea jezi zake.

Je, wajua kwamba hapa kwetu Unguja timu za namna hiyo ndizo zilizojaa ligi kuu? KMKM ni ya Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo. JKU ni ya Jeshi la Kujenga Uchumi. KVZ ni ya Kikosi cha Valantia. Mafunzo ni ya watu wa magereza, Zimamoto jina linajieleza, Kipanga ni ya wanajeshi, na Uhamiaji nao wana yao. Kijana wa hapa Unguja anayevaa jezi ya Arsenal kila Jumamosi amevaa jezi ya timu iliyozaliwa kwa njia ileile iliyoizaa KMKM: watu wa kazi moja, mwajiri mmoja, kiwanja kimoja baada ya saa za kazi.

Manchester United nao walikuwa watu wa reli. Walianza 1878 kwa jina la Newton Heath, wakiwa wafanyakazi wa karakana ya mabehewa, na 1902 walikaribia kufa kwa madeni hadi tajiri wa kiwanda cha bia, John Henry Davies, alipowalipia. Jina la Manchester United lilikuja mwaka huo.

Je, wajua kwamba Aston Villa ilitoka kanisani? Vijana wa timu ya kriketi ya kanisa la Villa Cross, mjini Birmingham, walitaka mchezo wa kucheza wakati wa baridi, wakaanzisha timu 1874. Wapinzani wao wa kwanza walikuwa wachezaji wa raga, kwa hiyo wakakubaliana: kipindi cha kwanza kwa sheria za raga, cha pili kwa sheria za kandanda. Everton nao ni wa kanisani, 1878, kanisa la St Domingo. Liverpool ikazaliwa 1892 kwa sababu Everton waligombana na mwenye kiwanja cha Anfield juu ya kodi, wakahama wakamwachia uwanja mtupu.

Sasa tuje nyumbani. Ukitoka Mji Mkongwe kwa Darajani, sokoni pale, ukavuka Barabara ya Benjamin Mkapa, ile ambayo wazee bado wanaiita Creek Road, umeshatoka Mjini umeingia Ng'ambo. Zamani pale palikuwa maji. Mkono wa bahari uliingia ndani ukautenga Mji na Ng'ambo, na watu wakivuka kwa daraja. Maji yakafukiwa, barabara ikapita juu yake, na Mlandege ni miongoni mwa mitaa ya mwanzo unayoikanyaga baada ya kuvuka. Maduka ya nguo na vyombo mlango kwa mlango, baiskeli na vespa zikipishana kwa shida. Timu ya Mlandege haikutoka kikosini wala kiwandani. Ni timu ya mtaa, na hilo ndilo linalonifanya niandike juu yake.

Je, wajua mpira uliingiaje Unguja? Kwa milango miwili. Mmoja ni skuli ya misheni ya Kiungani, nje kidogo ya mji, ambako wanafunzi wa Kiafrika walikuwa wakipiga kandanda mwishoni mwa karne ya 19. Wa pili ni wafanyakazi Waingereza, wakiwemo wale wa kampuni ya simu za chini ya bahari. Uwanja uliowakutanisha wote ni Mnazi Mmoja, na kabla ya Vita Vikuu vya Pili watu wa Ng'ambo walikuwa na timu zao zilizopewa majina ya mitaa, zikiwatoa jasho watu wa serikali ya kikoloni mbele ya umma. Malindi, kongwe wa Mji Mkongwe, ilianzishwa 1942.

Je, wajua Mlandege imewahi kuitawala Zanzibar? Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000. Ilitwaa ubingwa 1998, ikarudia 1999, kisha 2001 na 2002. Baada ya hapo kimya cha miaka 18.

Kimya hicho kina sababu, na mtu wa mpira wa Unguja anaijua bila ya kuambiwa. Sababu ni ajira. Mchezaji akisajiliwa na timu ya kikosi anaweza kuvalishwa sare na kupewa kazi ya serikali, yenye mshahara kila mwezi na pensheni mbele ya safari. Goti likivunjika, kazi ipo. Timu ya mtaa itampa nini? Itampa mapenzi, nauli, posho ya siku ya mechi na mfadhili anayekuja na kuondoka. Mama wa kijana hahitaji kufikiri mara mbili, na simlaumu hata kidogo.

Ndiyo maana tazama orodha hii ya mabingwa: 2013 KMKM, 2014 KMKM, 2015 Mafunzo, 2016 Zimamoto, 2017 JKU, 2018 JKU, 2019 KMKM. Miaka saba mfululizo kombe halikutoka mikononi mwa vikosi. Timu za mitaa zilizokuwa zikijaza viwanja, Miembeni, Malindi, Small Simba, zilibaki kutajwa kwa kumbukumbu. Halafu 2020, mwaka wa corona, Mlandege ikauvunja mnyororo. Nasema wazi kwamba kwangu mimi ubingwa ule ndio mkubwa kuliko yote iliyowahi kuchukua, hata kama hakuna aliyeufanyia sherehe ya kulingana nao.

Zawadi ya bingwa ilikuwa Afrika, na Afrika haina huruma. Mlandege ilipangiwa CS Sfaxien ya Tunisia katika Ligi ya Mabingwa, klabu iliyokwishabeba Kombe la Shirikisho mara tatu, ikatolewa raundi ya awali.

Je, wajua kwamba Kombe la Mapinduzi, lililoanza 2007 kuadhimisha Mapinduzi ya Januari 1964, lilikuwa karibu kila mwaka likivuka maji kwenda kwa wageni? KCCA ya Uganda ililibeba 2014, URA, ya Uganda pia, 2016. Azam walilichukua 2017, 2018 na 2019. Mtibwa, Yanga na Simba nao wakapokezana. Wenyeji tulikuwa tukitoa uwanja, mashabiki na chakula cha wageni.

Tarehe 13 Januari 2023 Mlandege iliingia fainali dhidi ya Singida Big Stars, timu iliyokuwa na pesa na majina, ikashinda 2-1. Wako waliosema ni bahati.

Mwaka uliofuata, tarehe ileile, fainali ikawa Mlandege na Simba. Uwanja wa Amaan ulikuwa umetoka tu kufanyiwa matengenezo makubwa na kufunguliwa upya mwishoni mwa Disemba 2023. Viti vipya, taa mpya, nyasi mpya. Sehemu kubwa ya jukwaa ilikuwa nyekundu na nyeupe, kwa kuwa Simba ina mashabiki Unguja kama ilivyo nao Kariakoo. Mlandege ilikuwa imeitoa APR ya Rwanda kwa mikwaju ya penalti katika nusu fainali. Kipindi cha kwanza kikaisha bila ya bao. Dakika ya 54 Joseph Akandwanaho, kijana wa Uganda, akafunga. Kuanzia hapo ikawa kazi ya kuzuia: mpira ukiokolewa unarudi, kona juu ya kona, kipa na mabeki wake wakiuondoa kwa kichwa, kwa mguu, kwa kifua, kwa chochote. Mpira ukaisha 1-0. Timu ya mtaa mmoja wa Ng'ambo ilikuwa imelibeba kombe mara mbili mfululizo, na safari hii imelibeba mbele ya klabu iliyowahi kufika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika zaidi ya mara moja.

Kombe hilo wala hawakupokonywa na klabu nyingine mwaka uliofuata. Mashindano ya 2025 yalichezwa na timu za taifa, Gombani kule Pemba, na Zanzibar ikaifunga Burkina Faso 2-1 katika fainali.

Je, wajua kwamba Mlandege ilirudi tena kileleni mwa ligi 2025? Ikaiwakilisha Zanzibar katika Ligi ya Mabingwa na kutolewa na Ethiopian Insurance, timu ya shirika la bima la Ethiopia. Watu wa mwajiri mmoja, kwa mara nyingine.

Je, wajua kwa nini Zanzibar hupeleka klabu zake Afrika peke yake, ilhali Kombe la Dunia huchezwa kwa jina la Tanzania? Kwa sababu CAF, shirikisho la Afrika, inaitambua Zanzibar kama mwanachama mshiriki, na FIFA inaitambua TFF ya Tanzania tu. Machi 2017, mjini Addis Ababa, CAF iliipa Zanzibar uanachama kamili, ikawa ya 55. Watu walishangilia mitaani. Julai mwaka huohuo uanachama ukafutwa. Na hapa nakumbusha jambo ambalo mashabiki wa ligi ya Uingereza hawalitazami: England, Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini ziko ndani ya dola moja, na kila moja ina kiti chake FIFA. Sababu ni kwamba zilitangulia. Scotland na England zilicheza 1872, zikatoka 0-0, na FIFA ilianzishwa 1904. Aliyefika kabla ya mlango kuwekwa hakuulizwa kitambulisho.

Waliokataliwa nao hawakukaa kitako. Mwaka 2006 Zanzibar ilikwenda Hamburg, Ujerumani, katika mashindano ya nchi zisizo na kiti FIFA yaliyoandaliwa na klabu ya St. Pauli. Ikafika fainali ikapoteza kwa penalti mbele ya Cyprus ya Kaskazini. Na Kombe la Chalenji, la nchi za Afrika Mashariki na Kati, tunalo, la 1995, tulilolitwaa Uganda. Disemba 2017 tulikosa la pili kwa penalti tu, mbele ya Kenya, kule Machakos.

Mengine ya harakaharaka.

Je, wajua kwamba msimu ulioanza Septemba 1896, siku chache tu baada ya manowari za Uingereza kuipiga mizinga Kasri ya Sultani kwa muda usiofika saa nzima, Aston Villa ilitwaa ligi na Kombe la FA kwa pamoja? Na kwamba Villa hiyohiyo ndiyo iliyomsajili Mbwana Samatta Januari 2020, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England? Alifunga dhidi ya Bournemouth, kisha Wembley katika fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City, iliyoisha 2-1 kwa City.

Je, wajua kwamba wimbo wa We Are the Champions, unaopigwa viwanjani bingwa anaponyanyua kombe, umetungwa na mzaliwa wa Unguja? Freddie Mercury alizaliwa hapa Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara.

Je, wajua kwamba bao la kwanza la Taifa Stars katika uwanja mpya wa taifa wa Dar es Salaam, 2007, dhidi ya Uganda, lilifungwa na Mzanzibari, Abdi Kassim 'Babi'? Na kwamba Nadir Haroub 'Cannavaro', nahodha wa Yanga kwa miaka mingi, alitokea Malindi? Mchezaji mwingine, Fei Toto, yeye alitokea JKU, jambo ambalo linanilazimisha kuwapa vikosi haki yao. Wanalea pia.

Je, wajua kwamba nusu fainali na fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2025 zilifika Amaan, Simba ikiwa mwenyeji wa Stellenbosch na kisha RS Berkane ya Morocco? Na kwamba Agosti mwaka huo Senegal, Nigeria, Sudan na Congo zilichezea karibu mechi zote za kundi lao la CHAN uwanjani hapo, mwendo mfupi kutoka Mlandege?

La mwisho. Je, wajua kwamba yuko mzaliwa wa Zanzibar aliyelipwa mshahara na klabu za Uingereza za ngazi mbalimbali, isipokuwa ile ya juu kabisa? Adi Yussuf alizaliwa Februari 1992, akakulia Leicester, akapita katika akademia ya Leicester City, kisha Burton Albion, Lincoln City, Mansfield Town, Grimsby, Barrow, Solihull Moors, Blackpool na Wrexham, klabu ya Wales iliyoanzishwa 1864 ambayo hucheza katika ligi za England. Mwaka 2019 alikuwa Misri na Taifa Stars kwenye fainali za Mataifa ya Afrika, za kwanza kwa Tanzania tangu 1980.