Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi: Bei ni nafuu, mtihani ni umeme

RASPBERRY Pi, kompyuta ya bodi moja inayokaribia ukubwa wa kadi ya benki, iliingia sokoni nchini Uingereza Februari 29, 2012 kwa bei ya dola 35 za Marekani. Waanzilishi wake mjini Cambridge, akiwamo mhandisi Eben Upton, walitaka mtoto wa shule apate kompyuta anayoweza kuichokonoa na kuiandikia programu bila mzazi kuogopa hasara.

Kwa shule na vyuo vya Afrika Mashariki, wazo hilo lina mvuto wa wazi. Hata hivyo, maelekezo mengi ya bodi hii yameandikwa kwa ajili ya nyumba ambayo umeme haukatiki na intaneti haikosekani. Anayeyafuata neno kwa neno katika mji wenye mgao wa umeme anaweza kupoteza kazi ya muhula mzima kwa dakika moja.

Bodi yenyewe huuzwa tupu. Haina chaja, memori kadi, kibodi, kipanya wala skrini. Televisheni yenye tundu la HDMI hutosha kuwa skrini, lakini vingine lazima vinunuliwe au viazimwe. Ndiyo maana bajeti inayohesabu bei ya bodi peke yake hukwama mapema.

Kuiandaa si kazi ngumu. Kwenye kompyuta nyingine yenye intaneti, mtumiaji hupakua programu ya bure iitwayo Raspberry Pi Imager, huchomeka memori kadi na kuchagua mfumo endeshi wa kuandikwa humo. Kabla ya kuandika, programu humruhusu kuweka jina la mtumiaji, nywila, waifai na majira ya saa ya nchi yake. Kadi ikishakamilika huchomekwa kwenye bodi, na umeme huunganishwa mwisho.

Vitabu vya zamani humwelekeza msomaji aingie kwa jina “pi” na nywila “raspberry”. Utaratibu huo uliondolewa Aprili 2022 kwa sababu za usalama. Leo kila mtumiaji hujiwekea vyake, na asipoviandika mahali atajifungia nje ya mashine yake mwenyewe.

Chaja ya simu haitoshi

Kosa linalosumbua wengi ni chaja. Raspberry Pi 4, iliyotoka mwaka 2019, huhitaji volti 5 na ampea 3; Raspberry Pi 5, ya mwaka 2023, inapendekezewa ampea 5. Chaja ya kawaida ya simu, au waya mwembamba na mrefu, hushusha volti pindi kazi inapokuwa nzito. Bodi hutoa onyo kwa alama ya radi kwenye kona ya skrini. Anayeipuuza huishia kulaumu programu, kumbe tatizo liko ukutani.

Umeme ukikatika ghafla wakati bodi inaandika kwenye memori kadi, mafaili yanaweza kuharibika na bodi ikakataa kuwaka. Matoleo ya kabla ya Raspberry Pi 5 hayakuwa hata na kitufe cha kuzimia, hivyo wengi walizoea kuchomoa waya tu. Njia salama ni kuizima kwa amri ya programu kwanza, kisha kuchomoa.

Kwa mahali penye mgao, betri ndiyo dawa. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 7 hubeba takriban wati-saa 84. Ikitumika nusu tu ili isiharibike mapema, bodi inayokula wati 4 itafanya kazi kwa saa nane hadi kumi, kutegemea kiasi kinachopotea katika kifaa cha kushusha volti 12 hadi 5. Paneli ya sola huijaza tena mchana. Ulinzi mwingine ni nakala ya memori kadi iliyofungiwa kabatini: ya kwanza ikiharibika, somo linaendelea kwa ya pili.

Saa isiyojua muda

Tatizo jingine halionekani kwa macho. Matoleo ya kabla ya Raspberry Pi 5 hayana saa inayoendelea kutembea umeme ukizimwa. Hutafuta saa sahihi kwenye intaneti. Pasipo intaneti, bodi iliyozimika saa sita mchana na kuwaka saa kumi na mbili jioni huendelea kuhesabu pale ilipoachia. Raspberry Pi 5 ina saa, lakini betri yake hununuliwa kando.

Kwa anayejifunza kuandika programu, hilo ni usumbufu mdogo tu. Kwa anayepima mvua, ni hasara kubwa. Mradi wa vituo vya hali ya hewa wa 3D-PAWS, uliobuniwa na taasisi ya UCAR ya Marekani, ulitumia bodi hizi pamoja na vipande vilivyochapwa kwa printa za 3D; ulianzia Zambia, na Kenya ni miongoni mwa nchi zilizofungiwa vituo. Katika kanda ambayo mafuriko ya mwaka 2024 yaliikumba Kenya, Tanzania na Burundi katika msimu mmoja, kipimo cha mvua chenye saa ya uongo hakimsaidii jirani aliye chini ya mto. Tiba yake ni kifaa kidogo cha saa chenye betri ya kidonge, kinachounganishwa kwenye pini nne za bodi.

Pini hizo, 40 kwa jumla, ndizo zinazoitofautisha bodi hii na kompyuta ya kawaida, kwani huunganishwa na taa, mota na vihisi. Lakini pini za kupokea taarifa huvumilia volti 3.3 tu. Waya wa volti 5 ukigusa pini isiyo yake, bodi inaweza kufa papo hapo. Mwalimu mwenye hofu anaweza kuanza na Raspberry Pi Pico, iliyozinduliwa Januari 2021 kwa dola 4. Haiwezi kuwa kompyuta ya mezani na pini zake nazo ni za volti 3.3, lakini hufundisha kazi ya vihisi kwa hasara ndogo.

Anayenunua kwa ajili ya shule za nchi mbili ana la ziada la kuangalia. Chaja ya pini tatu bapa inayotumika Kenya na Uganda haiingii katika soketi za pini mbili za mviringo zilizozoeleka Burundi na mashariki mwa Kongo. Kwa upande wa lugha mambo ni mepesi zaidi: Kolibri, programu ya masomo isiyohitaji intaneti inayoweza kufungwa kwenye bodi hii, ina Kiswahili, na Wikipedia ya Kiswahili inaweza kuhifadhiwa kwenye memori kadi na kusomwa darasani.

Kwa hiyo shule yenye fedha za bodi kumi ingefaa ifikirie kununua sita, na fedha zinazobaki zinunue chaja sahihi, betri, saa na memori kadi za akiba. Bodi sita zinazowaka kila siku zitafundisha watoto wengi kuliko kumi zilizolala kabatini.