Kipandauso: Maumivu yasiyoonekana yanayowanyima askari wa zamani wa Marekani haki yao

UKIVUNJIKA mguu, hata makanga wa matatu atakungoja ushuke polepole. Plasta inaonekana. Lakini kichwa kinachopasuka kwa maumivu hakina plasta, na watu hukutazama tu wakikwambia: “Kunywa maji, meza Panadol, jikaze.”

Kwa vijana waliowahi kuvaa sare za jeshi la Marekani, wakiwemo Wakenya waliojiunga wakiwa na Green Card, hilo neno “jikaze” linaweza kuwagharimu pesa za maisha yao yote.

Idara ya Masuala ya Wanajeshi wa Zamani nchini humo, VA, hulipa fidia kila mwezi kwa aliyepata jeraha au maradhi akiwa jeshini. Kipandauso kimo kwenye orodha yake, nambari 8100. Pesa hizo hazikatwi ushuru, na huzipotezi eti kwa sababu umerudi kuishi Nairobi au Eldoret.

Kazi iko kwenye kuthibitisha.

Mafiga matatu

Dai husimama kwa mafiga matatu. La kwanza, daktari awe amethibitisha kwamba una kipandauso sasa. La pili, kuwe na jambo lililotokea jeshini: mlipuko, ajali ya gari, kugongwa kichwa, au maumivu yenyewe kuanza ukiwa kambini. La tatu ni kiunganishi, kwa kawaida maoni ya daktari kwamba uwezekano wa ugonjwa huo kutokana na jeshi ni angalau nusu kwa nusu.

Figa la pili ndilo huwaangusha wengi. Askari wa miaka 21 haendi kliniki ya kambi kwa sababu ya kichwa. Anaogopa kuitwa mvivu. Anameza vidonge kimyakimya, na siku ya kutoka jeshini faili yake inaonyesha alikuwa buheri wa afya.

Hapo si mwisho wa safari. Mwenzake waliyelala naye bweni moja anaweza kuandika alichokiona. Mke au mzazi pia anaweza. Na iwapo VA tayari imekubali kwamba jeshi lilimwachia jeraha la ubongo, anaweza kudai kwamba kipandauso kimetokana na jeraha hilo.

Asilimia ni pesa

Ukikubaliwa, unapewa asilimia: 0, 10, 30 au 50. Kipandauso peke yake hakivuki 50.

Wanachohesabu ni mara ngapi kichwa kinakuangusha: unaacha kila kitu, unafunga pazia, unalala gizani ukitapika. Kwa wastani ikiwa mara moja kila miezi miwili, ni asilimia 10. Mara moja kwa mwezi, 30. Ile 50 ni ya mashambulio ya mara kwa mara sana, yanayodumu, na yanayoweza kuvuruga vibaya uwezo wako wa kutafuta riziki.

Wengi hudhani lazima uwe umefutwa kazi ndipo upate 50. La hasha. Mwaka 2004, katika kesi ya Pierce, mahakama inayosikiza rufaa za wanajeshi hao ilisema kanuni haidai uwe huwezi kabisa kufanya kazi.

Kwa viwango vilivyoanza Desemba 1, 2024, asiye na wa kumtegemea alilipwa dola 175.51 kwa mwezi kwa asilimia 10, dola 537.42 kwa 30, na dola 1,102.04 kwa 50. Hizo si pesa za kununua chai.

Andika, andika, andika

Ndiyo maana daftari ni muhimu kuliko machozi. Andika tarehe, saa kichwa kilipoanza na kilipotulia, dawa uliyomeza, kazi au darasa ulilokosa. Simu yako inatosha.

Daftari hilo litakufaa siku ya uchunguzi wa VA. Mara nyingi siku hiyo kichwa hakiumi. Daktari anakuuliza habari, nawe kwa adabu za nyumbani unajibu: “Niko poa.” Basi, anaandika uko poa! Mweleze siku zako mbaya zinavyokuwa, bila kuongeza chumvi. Usikose miadi hiyo, kwani kukosa bila sababu nzuri kunaweza kuzamisha dai.

Barua ikisema hapana

Tangu Februari 19, 2019, aliyekataliwa au kupewa asilimia ndogo ana njia tatu. Ukipata ushahidi mpya unaohusu dai lako, unawasilisha dai la nyongeza. Ukiona walikosea kusoma ushahidi uliopo, unaomba afisa wa ngazi ya juu aupitie upya, ila hapo huruhusiwi kuongeza karatasi. Ama unaenda mbele ya jaji wa Bodi ya Rufaa, ambako unaweza kuomba usikizwe.

Usilalie barua hiyo. Ukichukua hatua ndani ya mwaka mmoja tangu uamuzi kutolewa na ushinde, malipo yanaweza kuhesabiwa kuanzia ulipowasilisha dai la kwanza.

Sheria pia ina huruma: ushahidi wa pande zote mbili ukilingana, anayeshinda ni askari.

Jihadhari na matapeli mitandaoni wanaoahidi “asilimia 50 chap chap” ukiwatumia pesa. Hakuna anayeruhusiwa kukutoza ada kwa kuandaa dai la kwanza. Vyama vya wanajeshi wa zamani vina maafisa walioidhinishwa na VA wanaosaidia bure. Wakili anaweza kulipisha baada ya uamuzi wa kwanza.

Kwa aliye bado jeshini, nenda kliniki kichwa kikiuma, hata wenzako wakikucheka. Dai lenyewe unaweza kuliwasilisha ukiwa umebakiza siku 180 hadi 90 kabla ya kutoka.

Na wewe uliye hapa nyumbani, ukimpigia binamu yako aliyetoka jeshi la Marekani, akwambie amelala gizani tangu jana, usimwambie ajikaze. Mwulize kama ameandika tarehe.