Juu ya Kupanga na Kutunza Maelezo ya Programu Huria

Nia ya makala hii ni kueleza kwa ufupi jinsi maelezo ya programu huria yapasavyo kupangwa na kutunzwa, na kuonyesha kwa nini jambo hili, ambalo kwa kawaida huachiwa mafundi wa kompyuta, lawahusu pia wataalamu wa lugha. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake, yaani yale maagizo yaliyoandikwa na watungaji wake, uko wazi kwa kila mtu kuusoma, kuugeuza na kuugawa kwa masharti ya leseni yake. Kwa neno maelezo nakusudia maandishi yote yanayofuatana na programu hiyo: mwongozo wa mtumiaji, maagizo ya kuiweka katika kompyuta, habari za mabadiliko, na faharasa ya istilahi. Kazi ya namna hii hufanywa na watu wengi wasiojuana kwa sura, na wengi wao ni wa kujitolea. Leo wako, kesho wameondoka. Basi kilichoandikwa ndicho kumbukumbu inayobaki.

Miaka michache iliyopita nilifika katika shule moja ya upande wa Kigwa, wilaya ya Uyui, mkoa wa Tabora. Mwalimu alikuwa akiwafundisha vijana kuandika barua kwa kompyuta, naye alikuwa na mwongozo wa Kiswahili uliopigwa chapa. Mwongozo uliwaamuru wafungue “Jalada”. Katika kioo cha kompyuta neno lililoonekana ni “Faili”. Mwongozo ulisema “Hifadhi”. Kioo kilisema “Tunza”. Kijana mmoja akauliza, “Mwalimu, hilo jalada liko wapi? Nimepita neno kwa neno, silioni.” Mwalimu akamjibu, “Fuata ya kwenye kioo, mwanangu. Kitabu kimepitwa.” Kila neno katika yale manne lilikuwa Kiswahili safi. Kosa halikuwa katika lugha, bali katika utunzaji: programu ilikuwa imesogea mbele, na maelezo yake yamebaki nyuma.

Yafaa kukumbuka kwamba Kigwa yenyewe imo katika mfano wa kale wa jambo hili hili. Ilikuwa kituo katika njia ya misafara itokayo Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji. Burton na Speke walipita huko mwaka 1857, na habari za njia hiyo zikatolewa katika kitabu cha Burton cha mwaka 1860. Katika habari hizo Rubuga, kituo kilichotangulia Kigwa kwa mtu atokaye pwani, ilikuwa nchi yenye neema. Stanley alipopita mwaka 1871, baada ya vita vya Waarabu wa Unyanyembe na Mtemi Mnywa Sele, alikuta Rubuga imeharibiwa, na Kigwa vivyo hivyo. Aliyeandika wa kwanza hakusema uongo. Ila msafiri wa pili aliyetegemea chakula kwa sababu kitabu kimesema kipo, angelala na njaa. Maelezo yaliyokuwa kweli siku yalipoandikwa huweza kudhuru kuliko kukosa maelezo kabisa, maana msomaji huyaamini.

1. Kuhusu mpango

Kosa la kwanza katika miongozo mingi ni kuchanganya mambo ambayo msomaji huyatafuta kwa nyakati mbalimbali. Daniele Procida, katika mpango aliouita Diátaxis, ameyagawa maelezo katika mafungu manne, na mgawanyo huo wafaa kufuatwa. Fungu la kwanza ni somo, ambalo humshika mkono mwanafunzi asiyejua kitu na kumwongoza hatua kwa hatua mpaka amalize kazi ndogo. La pili ni maelekezo ya kazi, kwa mtu ajuaye misingi naye ataka kutimiza haja fulani, mathalan kupiga chapa bahasha. La tatu ni marejeo, yaani orodha kamili ya amri na sehemu zote, iliyopangwa kama kamusi, isiyo na mahubiri. La nne ni ufafanuzi, ambao hueleza sababu: kwa nini jambo lilifanywa hivi na si vile.

Wanafunzi wa lugha wataitambua tofauti hii mara moja. Sisi hatutii sarufi, kamusi, kitabu cha mazoezi na historia ya lugha katika jalada moja bila mpango, kisha tukamwambia mwanafunzi ajitafutie. Walakini miongozo mingi ya programu hufanya hivyo. Somo hukatizwa na orodha ndefu ya amri, na marejeo hujazwa hadithi za asili ya programu. Hapana budi kila ukurasa ujue ni wa fungu gani, na mlangoni pa yote pawe na ukurasa mfupi wa kusomwa kwanza, wenye kusema programu ni nini, ni ya nani, yapatikanaje, na masahihisho yapelekwe wapi.

2. Kuhusu mahitaji ya Kiswahili

Mfasiri wa programu hapewi matini mamoja yenye mwanzo na mwisho. Hupewa vipande, maneno mawili hapa, sentensi moja pale. Lugha iliyotumiwa na mtungaji yaweza kuwa na neno moja kwa kitendo cha kufungua na kwa hali ya kuwa wazi. Mswahili hawezi kuchagua baina ya “fungua” na “wazi” mpaka aelezwe neno limekaa wapi. Shida huzidi kwa ajili ya ngeli. Mtungaji aandikapo sentensi yenye pengo la jina, kwa maana ya kwamba kitu fulani kimefutwa, hadhani kwamba kitenzi chaweza kubadilika. Kwetu jalada limefutwa, picha imefutwa, kitabu kimefutwa, mtumiaji amefutwa. Asiyeambiwa ni jina gani litakaloingia penye pengo atakisia, na mara nyingi atakosea.

Dawa yake ni maelezo ya mtungaji kwa mfasiri, nayo yapo tayari katika mifumo kadha wa kadha. Mfumo wa gettext, wa mradi wa GNU, waruhusu maelezo kuandikwa juu ya kila sentensi itakayofasiriwa. MediaWiki, programu inayoendesha Wikipedia, huupa kila ujumbe ufafanuzi wake chini ya alama ya qqq, kana kwamba ufafanuzi nao ni lugha mojawapo miongoni mwa lugha nyingine. Hapa ndipo mtaalamu wa lugha ana la kuchangia: aweza kuwaandikia watungaji maelezo mafupi ya ngeli na upatanisho, ili sentensi zenye pengo zitungwe upya kabla hazijamfikia mfasiri.

3. Kuhusu sababu za istilahi

Katika nchi yetu mfano ulio mashuhuri ni Jambo OpenOffice, uliotolewa mwezi wa Desemba 2004. Kazi hiyo ilifanywa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na kampuni ya IT+46 ya Uswidi, chini ya mradi ulioitwa Kilinux, na katika kuifanya ilibidi kukusanya faharasa ya istilahi. Basi tazama yaliyoipata programu mama. Msimbo wa OpenOffice ulifunguliwa na kampuni ya Sun mwaka 2000. Mwaka 2010 Sun ilinunuliwa na Oracle, na mwaka huo huo watungaji wengi wakajitenga wakaanzisha LibreOffice; mwaka 2011 Oracle ikaikabidhi OpenOffice kwa shirika la Apache. Hivyo katika muda wa miaka saba tu tangu toleo la Kiswahili, nyumba ya programu ilikuwa imebadilika, na mlango mmoja umekuwa miwili.

Istilahi pekee haziwezi kuvuka mabadiliko ya namna hii salama. Atakayekuja baadaye akiona “jalada” hajui kama lilichaguliwa baada ya “faili” kukataliwa, au kwa kuwa hakuna aliyefikiri neno jingine. Hali ni hiyo hiyo kwa kompyuta, tarakilishi na ngamizi, na kwa nenosiri na nywila. Nami niliwahi kushiriki katika kikundi kimoja cha kufasiri ambacho kilijadili istilahi zake kwa miezi mingi. Faharasa ilitunzwa, lakini sababu zilikuwa katika kompyuta ya mwenzetu mmoja, nayo ilipoharibika zikapotea zote. Waliotufuata walianza mjadala upya, wakafikia maneno mengine, na watumiaji wakapata Kiswahili cha namna mbili.

Tunao mfano ulio bora zaidi. Kamati ya Lugha ya Kiswahili iliundwa mwaka 1930. Ikahamia Makerere mwaka 1952. Na mwaka 1964 ikaunganishwa na Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili cha Dar es Salaam. Katika kuhama huko kote jarida lake liliendelea kuchapisha mijadala ya maneno, si maneno matupu. Kwa hiyo leo twaweza kusoma hoja za watu waliokwisha kufariki, tukakubaliana nao au tukawapinga.

4. Kuhusu utunzaji

Kanuni za utunzaji ni chache. Kwanza, maelezo yakae katika ghala moja na msimbo, na mabadiliko ya msimbo yasikubaliwe mpaka maelezo yake yamebadilishwa pamoja nayo. Laiti ingekuwa hivyo, neno “Faili” lisingeingia katika kioo huku “Jalada” limebaki katika kitabu. Pili, kila mwongozo uchapwe namba ya toleo la programu unalolieleza, ili msomaji ajue mara moja kama kitabu na kioo ni ndugu. Tatu, kila sehemu iwe na mlinzi mwenye jina. Kisicho na mwenyewe hakipaliliwi. Nne, faharasa iwe na nafasi tatu kwa kila neno: istilahi, tarehe ya uamuzi, na sababu yake. Tano, maelezo nayo yawe na leseni huria, maana programu iliyo huru yenye mwongozo uliofungwa haiwezi kusahihishwa na wale wanaoitumia.

Kanuni ya sita husahauliwa mno, nayo ni kufunga njia zilizokufa. Vitabu vya wasafiri vyaeleza kwamba msafara ulipofika njia panda, kirangozi aliizuia njia isiyo yake kwa matawi, ili wapagazi walio nyuma wasipotee. Ukurasa uliopitwa na wakati nao haufai kuachwa wazi. Ama ufutwe, ama uwekewe juu yake neno la kuonya na kuonyesha ukurasa mpya uliko.

Yule mwalimu wa Kigwa hakungoja mtu. Aliuchukua mwongozo wake akauandika pembeni kwa kalamu ya risasi, ukurasa baada ya ukurasa: penye “Jalada” soma “Faili”, penye “Hifadhi” soma “Tunza”. Nilihesabu masahihisho zaidi ya thelathini, yote sawa. Hayo ndiyo matunzo ambayo mradi wowote wa programu huria ungeyafurahia. Nilimwuliza kama ameyapeleka kwa wenye mwongozo. Akaugeuza mbele na nyuma, akanionyesha: hapakuwa na hata mstari mmoja wa kusema yapelekwe wapi.