Mkono wa Gramafoni na Sindano Isiyokaa Sawa

Asikilizaye santuri kwa makini huenda amekwisha kuona ajabu hii: wimbo wa kwanza husikika safi, lakini ule wa mwisho, ulio karibu na katikati, hukwaruza, na mwimbaji huwa kama mtu mwenye mafua. Lawama hutupiwa sindano, au aliyeuza santuri. Kumbe mara nyingi kosa limo katika mkono unaoibeba sindano hiyo.

Kiwandani, chombo kinachochonga mfereji wa sauti husogea kwa mstari ulionyooka kutoka ukingoni hadi katikati. Mkono wa gramafoni ya nyumbani, kinyume chake, umefungwa kwenye egemeo moja kando, nao huzunguka kama mlango juu ya bawaba. Kwa hiyo sindano hufuata njia ya upinde, na karibu kila mahali hukaa upande. Ikikaa hivyo, huzisoma kuta mbili za mfereji kwa nyakati zisizolingana, na sauti huharibika. Madhara huzidi kuelekea katikati, kwa kuwa ukingoni santuri kubwa hupita chini ya sindano kwa mwendo wa sentimita 50 hivi kwa sekunde, na mwishoni sentimita 21 tu. Huko mawimbi ya sauti yamebanana.

Percy Wilson wa Uingereza aliuchambua ugonjwa huu mwaka 1924, na Erik Löfgren wa Sweden akautolea hesabu kamili mwaka 1938. Dawa yao ni kukipinda kichwa cha mkono na kuiacha sindano ipite kidogo kijiti cha katikati. Kwa mkono wa milimita 230, kichwa hupindwa nyuzi 24, na sindano hupita kijiti kwa milimita 18. Hapo kosa halizidi nyuzi 2 hivi, na mahali pawili hutoweka kabisa. Lakini dawa hiyo ina gharama: mpindo huo huufanya mkono uvutwe kuelekea katikati, hata ikabidi kuuzuia kwa kamani au kijiwe kidogo.

Wako mafundi waliokataa kulipa gharama hiyo. Mwaka 1971 kampuni ya Garrard ya Uingereza ilitoa mtambo wa Zero 100, ambao ufito wa pili hukigeuza kichwa kadiri mkono unavyosogea. Kosa likakaribia sifuri, ila viungo vikaongezeka, na kila kiungo kinaweza kulegea au kukaza. Mwaka 1972 Bang & Olufsen ya Denmark ilitoa Beogram 4000: mkono wote husukumwa na mota kwa njia iliyonyooka, huku mwanga ukiupeleleza usije ukaenda upande. Ni kazi ya kupendeza, lakini ikiharibika si ya fundi wa kubahatisha. Wengine wamefanya kinyume: mkono usiopindwa kabisa, ambao sindano yake haifiki kwenye kijiti. Mvuto wa kando hupungua sana, lakini kosa la pembe huweza kufikia nyuzi 10 hivi.

Mwenye gramafoni ya kawaida hana haja ya kusononeka. Na achukue karatasi ngumu, aitoboe tundu la kijiti, na kutoka tundu hilo apige mstari ulionyooka, akitia alama kwenye milimita 66 na 121. Mtambo ukiwa umezimwa, ashushe sindano taratibu juu ya kila alama. Pande za kichwa zikikatana na mstari kwa pembe mraba kwenye alama zote mbili, mambo ni sawa. La sivyo, alegeze skrubu na kukisogeza kichwa kidogo kidogo hadi kikae.

Kazi hiyo ya nusu saa si ya kudharauliwa, kwa maana mfereji uliokwisha kulika haurudi tena. Katika mikono hii yote hakuna uliokamilika; wahenga walisema, hakuna masika yasiyokuwa na mbu. Mkono wa kawaida uliopimwa vema huitunza santuri kuliko mkono wa ajabu uliofungwa ovyo.