Umoja kwa Ridhaa

Wasomi wanaochunguza vikundi vya dini vinavyoishi kijamaa wana wajibu wa kuuliza jambo moja kabla ya yote: je, mwanachama aweza kutoka? Kule Kanungu, Uganda, mwaka 2000, na Shakahola, Kenya, mwaka 2023, mamia ya watu waliangamia mikononi mwa viongozi wao.

Lakini tusiwanyoshee wengine kidole tu. Katika Ujamaa Vijijini, mwaka 1967, Mwalimu alikataza kulazimisha watu. Mwaka 1973 kuhamia vijijini kukawa amri. Baadhi ya wazee wa Singida waliohamishwa wangali hai. Waulizwe, na maneno yao yaandikwe. Chama hakipungukiwi heshima kwa kusikiliza. Dini haitaki shuruti, ujamaa kadhalika.