Kiti Karibu na Soketi

Katika mkahawa ninaofanyia kazi, Shangani, Mji Mkongwe wa Unguja, viti si sawa. Kipo cha dirishani, ambacho wageni hukikimbilia kwa sababu ya bahari, na ikifika alasiri jua limeshawapiga kwenye kioo cha laptopu hata hawaoni wanachoandika. Kipo cha chini ya pangaboi, kizuri kwa mwili, lakini karatasi hazitulii. Na kipo cha pembeni, nyuma ya nguzo, jirani na soketi ya ukutani na hatua chache tu kutoka kwenye ruta. Ukikaa hapo huoni kitu isipokuwa mlango wa jikoni. Hicho ndicho kiti cha mtu mwenye kazi, na wahudumu wanajua.

“Dada, leo umechelewa. Kiti chako kakaa mgeni.”

“Haya, mwache. Akienda niite.”

Mimi ni mfasiri. Natafsiri mikataba, vijitabu vya dawa na maandishi ya chini ya filamu. Wateja wangu wako London na Berlin, mimi niko Unguja, na hatujawahi kuonana ila kwenye kioo. Shangazi zangu wakisikia nafanya kazi mkahawani hudhani nauza chai, na nimeacha kuwasahihisha. Siku hizi kazi ya namna hii hunasibishwa na vijana wa Ulaya wanaozunguka dunia na laptopu begani, lakini mjini petu tupo wenyeji wengi tu: wahasibu, wachoraji wa ramani za nyumba, wanaosikiliza sauti na kuziandika. Nyumbani kuna joto, watoto na mashine ya kusaga ya jirani. Mkahawani kuna kiti.

Na jengo lenyewe la mkahawa linasaidia. Majumba ya Mji Mkongwe yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, dari zikabebwa na boriti za mikoko. Ukuta wa unene wa nusu mita si ajabu. Upana wa chumba hufuata urefu wa boriti, ndiyo maana vyumba vingi ni virefu na vyembamba, awe mwenyewe tajiri au mtu wa kawaida. Waliojenga walikuwa wakipigana na joto na walilishinda: unatoka uchochoroni umelowa jasho, unavuka kizingiti, na mwili unapoa kabla hujaagiza kitu. Kiyoyozi hakuna.

Lakini ukuta unaozuia jua huzuia pia waifai, na ukishakunywa mvua za masika ndiyo huzidi. Ruta nyingi za sasa hurusha mawimbi ya aina mbili. Ya gigahezi 5 yana kasi ila huchoka haraka mbele ya ukuta. Ya gigahezi 2.4 ni ya polepole ila hupenya zaidi. Simu yako ikikuonyesha majina mawili yanayofanana, moja likiishia na 5, chukua hilo la 5 ukiwa chumba kimoja na ruta. Ukiwa chumba cha pili, chukua jingine. Mtu akikwambia mkahawa fulani una mtandao mbovu, muulize kwanza alikaa wapi. Wala mwenye mkahawa hawezi kutoboatoboa ukuta apendavyo ili kupitisha waya: Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na mabadiliko ya majengo yana mamlaka yake na vibali vyake.

Umeme una habari ndefu zaidi. Unguja hupata umeme wake kutoka bara, kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Waya wa kwanza uliwekwa mwaka 1980, na kwa miaka mingi kisiwa kizima kilitegemea huo mmoja. Mei 2008 mambo yakaharibika, tukakaa gizani karibu mwezi mzima. Desemba 2009 yakaharibika tena, na umeme haukurudi hadi Machi 2010. Nilikuwa mwanafunzi wa sekondari. Ninachokumbuka zaidi kuliko giza ni kelele: kila duka lililojiweza lilitoa jenereta barazani, na uchochoro mzima ukanuka petroli. Mwaka 2013 ukaja waya wa pili, wa megawati 100, uliolipiwa na msaada wa Marekani, na tangu hapo sijaona tena giza la miezi.

Kukatika kwa dakika kumi, nusu saa, bado kupo. Kwa hiyo ukiingia mkahawa mgeni usiulize tu kama wana jenereta. Uliza kama wana inveta na betri, na kama ruta imeunganishwa nayo. Jenereta humsubiri mtu akaiwashe. Kwa dakika hizo za kusubiri ruta imezima, inawaka upya, inajitafuta, na mkutano wako umeshakwenda bila wewe. Inveta huchukua mzigo palepale, taa hazipepesi hata kidogo. Mimi niliuliza swali hili kabla ya kuuliza bei ya chai.

Kisha kuna nyaya nyingine za baharini, zinazobeba mtandao wenyewe. SEACOM ilifika Dar es Salaam mwaka 2009 na EASSy ikafuata mwaka 2010. Kabla ya hapo tulikuwa tukitegemea setilaiti, polepole na kwa bei ya kutisha. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya hizi mbili zilipata hitilafu kwa pamoja, na nchi kadhaa za Afrika Mashariki zikabaki zinavuta mtandao kama maji ya kisima kirefu. Kubadili laini ya simu hakukusaidia sana, kwa sababu kampuni za simu nazo zinategemea nyaya hizohizo. Tangu siku zile kamusi zangu zote zimo ndani ya mashine, na faili la kesho nalipakua leo usiku.

Shangani, kwa kweli, imezoea. Mwaka 1879 waya wa telegrafu uliletwa Zanzibar kutoka Aden, ukaendelea kusini hadi Msumbiji na Durban. Nyumba ya zamani ya simu, Extelecoms, leo ni hoteli ya Serena. Napita mbele yake kila asubuhi. Makarani wa karne ile waliokaa mtaa huu wakipokea maagizo ya mabwana wa London wasiowajua sura wangeielewa kazi yangu mara moja.

Nirudi kwenye kiti, maana hapo ndipo wengi hukosea. Kinachouzwa mkahawani kwa mtu kama mimi ni mahali pa kukaa. Chai ni risiti tu. Mwenye mkahawa wetu, mama mmoja mwenye mahesabu makali, aliwahi kunieleza: meza ndogo wakati wa chakula cha mchana inaweza kubadilisha wateja mara tatu, na kila mmoja anakula. Mwenye laptopu akiikalia kwa kapuchino moja tangu asubuhi, amekula milo ya watu watatu bila kufungua mdomo. Hakuna atakayekufukuza, kwani huku mgeni hafukuzwi. Watakunyamazia tu, na ukimya wa mhudumu wa Unguja una uzito wake.

Basi mimi nina taratibu zangu. Kila baada ya saa mbili hivi naagiza kitu, hata kama ni maji ya ukwaju. Saa saba mchana naondoka kwenda kuswali na kula, kiti kikalishe wengine, kisha narudi saa tisa. Simu naipokea nje. Hapana wa kumlazimisha mwenzake asikilize bajeti ya kampuni ya Berlin.

Wapo wanaoniuliza kwa nini nilipe kukaa wakati mji umejaa baraza za bure. Ni kweli, hakuna mji ninaoujua uliojengwa kwa kukaa kama huu. Kila ukuta una benchi lake la chokaa, na muuza kahawa hupita na dele lake akikumiminia kahawa chungu kwa hela ya mfukoni. Lakini nenda kijiwe cha Jaws Corner jioni uhesabu wanawake waliokaa kucheza bao. Baraza ni za wanaume, ndivyo tulivyozikuta. Mwanamke akikaa barazani peke yake na mashine mapajani, kila apitaye atamuuliza anamsubiri nani. Mkahawani haniulizi mtu. Hilo ndilo hasa ninalolilipia, na kwangu ni rahisi.

Saa nazo lazima uzipange. London wakifungua ofisi wakati wa baridi, kwetu ni saa sita mchana. Wakisogeza saa zao mwezi Machi, inakuwa saa tano. Kwa hiyo sehemu kubwa ya asubuhi ni yangu, bila barua pepe hata moja, na kazi ngumu huimaliza hapo. Katikati ya mkutano wa adhuhuri adhana huingia kutoka misikiti kadhaa kwa pamoja. Nazima maiki, wanasubiri.

Ramadhani mambo yote haya hugeuka. Mikahawa mingi hufunga mchana, na ile ya wageni inayobaki wazi nyuma ya pazia si mahali pa mtu aliyefunga. Nahamia kwa mama, kwenye majumba marefu ya Michenzani, kuta za zege, joto lake halisemeki, natumia bando la simu. Nafanya kazi kuanzia daku hadi jua lipande, nalala, naamka. Wateja nawaarifu mapema kwamba baada ya saa kumi jioni sipatikani, nipo jikoni. Wa Berlin alielewa siku ileile. Wa London bado hunitumia mialiko ya mkutano saa kumi na mbili na nusu, futari ikiwa mezani.